Kwa nini Dodoma bado tunapanda mahindi wakati yanatukaukia shambani?

#1 Mwana wa Chilonwa
Wakuu, salamu.

Nimetoka kijijini Chilonwa juzi. Kuanzia Buigiri ukiingia ndani, mahindi yamefika kifuani, yametoa mbelewele, halafu jua la Februari limeyakuta hapohapo. Majani yamejikunja. Mvua ikirudi Machi itakuta mabua. Pembeni yake kuna kishamba kidogo cha uwele cha bibi mmoja, kimesimama kijani.

Kila kiongozi anayekuja kwenye mkutano wa hadhara anatuambia limeni mtama, limeni uwele. Wazee wanasema hata watawala wa Kiingereza walikuwa wakisema hivyo hivyo. Sheria ndogo za kutaka kila kaya ilime zao linalostahimili ukame zimetungwa na kusahaulika mara nyingi. Na bado tunapanda mahindi. Sikubali kwamba sisi ni wajinga au wakaidi, maana anayelala njaa ni huyo huyo mkulima na anaijua njaa kuliko anayemhutubia. Lazima kuna sababu. Naomba wenye uzoefu mzijaze hapa.

#2 Dereva wa Kati
Nimekaa pale. Huu uzi utakuwa mrefu.

#3 Bwanashamba Mstaafu
Mtoa mada umeuliza swali la msingi. Nianze na mvua, mengine yatafuata.

Dodoma tuna msimu mmoja tu. Mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na inakata Aprili. Kwa mwaka tunapata takriban milimita 550 hadi 600, ambazo kwa hesabu tupu zingetosha mahindi ya muda mfupi. Tatizo ni mpangilio wake. Katikati, mara nyingi Februari, kunakuwa na ukavu wa wiki mbili au tatu, na huo ndio wakati mahindi yanatoa mbelewele na ndevu. Hindi likikosa maji siku hizo, gunzi linabaki na mapengo au linatoka tupu, na hata mvua ya gharika ikija baadaye hairudishi kitu.

Mtama una tabia nyingine. Ukikosa maji unasimama, unajikunja, unasubiri. Mvua ikirudi unaendelea. Uwele unavumilia zaidi ya mtama, hata kwenye kichanga.

Kwa hiyo kitaalamu jibu lilishajulikana zamani. Kilichobaki ni kwa nini jibu hilo haliingii shambani, na hapo sitaki kujifanya najua peke yangu.

#4 Mama Kibaigwa
Jibu ni bei. Njooni soko la Kibaigwa mwone malori yanapakia nini. Mahindi. Yanakwenda Dar, Arusha, mpaka Kenya. Ukija na gunia la mahindi saa mbili asubuhi, saa tatu una hela mkononi. Ukija na mtama utaulizwa ni mweupe au mwekundu, utaambiwa subiri, mnunuzi wa kiwanda cha bia hajafika. Mama mwenye ada ya mtoto hasubiri mnunuzi.

#5 Mtani wa Iringa
Watani zangu Wagogo, semeni ukweli. Mmeonja ugali mweupe wa kwetu mkanogewa. Sasa mnalazimisha nchi ya mibuyu itoe mahindi ya Mafinga.

#6 Fundi Tembe
Mtani #5 wewe lete hayo mahindi tutayala na mlenda, usijali.

Kwa upande wangu sababu ni moja: ndege. Kwelea kwelea. Mtu ambaye hajawahi kuamia shamba la mtama hawezi kuelewa. Mtama ukianza kuwa na maziwa, unatakiwa uwe shambani kabla jua halijachomoza hadi linazama, kila siku, kwa zaidi ya mwezi. Unajenga dungu, una kombeo, una madebe ya kupiga. Ukienda msibani nusu siku, unarudi unakuta masuke meupe.

Mahindi yana ganda lake. Ndege wadogo hawana kazi nayo. Unapanda, unapalilia, unakwenda kutafuta kibarua mjini, unarudi kuvuna. Yakikauka yamekauka, lakini hayajakufunga kamba mguuni.

#7 Mwalimu Haneti
Naunga mkono #6 na naongeza. Zamani aliyeamia ndege alikuwa nani? Mtoto. Tangu elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977 mtoto yuko darasani. Jambo jema, na mimi nakula kwa kazi hiyo, sitaki watoto warudi kwenye madungu. Lakini hakuna aliyekaa chini na mkulima akamuuliza, sasa nani atalinda? Shule ilichukua walinzi, na zao lililohitaji walinzi likaachwa.

Hata leo, mwezi wa nne ninapoita majina asubuhi najua kabisa familia zipi zimepanda mtama. Viti viko wazi. Mzazi akiitwa anakuja kwa heshima, anasema "Mwalimu, nisamehe, ndege." Nitamwandikia barua ya onyo? Nikimwandikia, mtoto anarudi darasani na njaa inakwenda nyumbani kwao Oktoba. Ninaumia sana na jambo hili.

#8 Mrangi wa Kondoa
Mbona huku kwetu tunakula uwele mpaka leo na watoto wanasoma? Kondoa ugali wa uwele uko mezani, harusini, kila mahali. Mgeni akija anapikiwa uwele na anashiba mpaka kesho. Sababu ya ndege haitoshi, kwa sababu ndege hawajui mpaka wa wilaya.

#9 Mgogo Mjini
#8 ndege hawajui mpaka lakini wanajua uwingi. Huko kwenu kila mtu amelima uwele, ndege wanagawana. Huku ukilima peke yako, kundi zima la bonde linakuja kwako. Mjomba wangu Handali aliwahi kulima mtama akiwa peke yake katikati ya mahindi ya wenzake. Alivuna mabua.

#10 Bwanashamba Mstaafu
#9 umegusa penyewe. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja linamaliza tani 10 kwa siku, na makundi ya ukubwa huo yapo. Wakigawanywa juu ya ekari elfu kadhaa za mtama, kila mkulima anapoteza kidogo. Wakitua ekari mbili za mtu mmoja, hakuna kinachobaki. Ndiyo maana kampeni ya kumpa mbegu mkulima mmoja mmoja "wa mfano" mara nyingi inaishia kumtia hasara huyo wa mfano, na majirani wanajifunza kutolima.

Ndege za kunyunyiza dawa huletwa kwenye mazalio na malalo, kwenye miiba ile wanakolala kwa maelfu. Zinasaidia pale zinapofika mapema.

#11 Mama Kibaigwa
Wanaume mmejaza uzi kwa ndege na mvua, hakuna aliyesema habari ya jikoni.

Mtama na uwele vinataka kutwangwa, kupepetwa, kutwangwa tena, ndipo usagwe. Hindi unabeba debe kichwani, mashine inakoboa na kusaga ukiwa umesimama foleni. Ukipeleka uwele, mwenye mashine anakunja uso, maana unga wako unaacha rangi na mteja anayefuata analalamika sembe yake imekuwa ya kijivu. Wengine wanakuambia kabisa, mama, uwele njoo jioni nikimaliza mahindi. Jioni umeme umekatika.

Halafu unga wa uwele haukai. Una mafuta, siku chache tu unakuwa mchungu. Kwa hiyo unasaga kidogo kidogo, unarudi mashineni kila mara. Kazi yote hiyo ni ya nani? Mkutano wa kijiji unapitisha azimio la kulima mtama, wanaonyoosha mikono ni wenye kofia, anayetwanga hakuulizwa.

#12 Binti wa Zuzu
Mama #11 nimesimama kukupigia makofi. Bibi yangu viganja vyake ni sugu za mchi. Alikuwa anasema mtoto wake akiolewa kwenye nyumba ya mahindi amepumzika.

#13 Mtani wa Iringa
Mama amefunga mjadala. Tukale.

#14 Historia Kwanza
Mjadala haujafungwa mtani. Kuna siasa hapa ndani na watu wanaikwepa.

Njaa ya 1974 mnaikumbuka? Mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, watu wakayaita unga wa Yanga. Kuanzia hapo watu wa huku wakazoea kwamba chakula cha serikali ni mahindi. Mpaka leo njaa ikitangazwa, kinachotoka kwenye maghala ya hifadhi ya taifa ni hasa mahindi. Unamwambia mtu mahindi hayafai, halafu akikwama unamletea mahindi. Ataamini kipi?

Na serikali iliwahi kujaribu kweli. Katikati ya miaka ya 70, baada ya ile njaa, bei ya mtama na mihogo ilipandishwa na Shirika la Usagishaji, NMC, likanunua. Wakulima waliitikia, mtama ukaja mwingi, halafu shirika likabaki nao kwenye maghala kwa sababu mjini hakuna aliyekuwa anautaka. Wakulima wa wakati huo walitii, soko ndilo lililowaangusha. Kisha mwaka 2008 zikaja vocha za pembejeo, na mbegu zake zilikuwa hasa za mahindi na mpunga.

Na msisahau Kongwa. Mwingereza alikuja na matrekta baada ya vita kulima karanga, 1950, akasema wenyeji hawajui kilimo. Akashindwa na ardhi hii hii.

#15 Mkazi wa Hogoro
#14 marekebisho kidogo, maana mimi nimekulia hapo. Mradi wa karanga Kongwa ulianza 1947, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha. Mpaka reli ya tawi ilijengwa kutoka Msagali kuja Kongwa na Hogoro, baadaye ikang'olewa. Ardhi yetu ina mfinyanzi, ikikauka inakuwa ngumu kiasi kwamba karanga haing'oki, na majembe ya matrekta yalikuwa yanakwisha. Juu ya hapo mvua ikakata. Zaidi ya pauni milioni 35 zilipotea.

Wazee wetu waliwaona wanang'oa mibuyu na hakuna aliyewauliza mvua huwa inakujaje. Sehemu ya eneo lile sasa ni ranchi ya ng'ombe, na ng'ombe wanastawi.

#16 Dereva wa Kati
Nakumbuka baba akisema ule mbuyu ulikuwa unashinda trekta. Walikuwa wanaweka mnyororo mzito kati ya matrekta mawili.

#17 Mzee wa Mvumi
Mbukwenyi vijana.

Nimesoma yote. Nawaomba msiseme njaa ya Ugogo inatokana na mahindi peke yake. Bibi zetu walikula uwele na mtama, na wakafa kwa njaa ile ya Mtunya. Mtunya ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake, kati ya 1917 na 1920. Hakukuwa na mahindi ya kulaumu. Mjerumani alipita akachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mwingereza akaja nyuma yake akachukua vilivyobaki. Kisha mvua ikakosekana, na vilindo vya kuwekea nafaka vilikuwa vitupu.

Nawaambia hili kwa sababu ulinzi wa zamani ulikuwa akiba, zaidi ya aina ya mbegu. Uwele ukikauka vizuri, ukawekwa kwenye kilindo ndani ya tembe, ulikaa miaka. Mwaka mzuri ulibeba mwaka mbaya. Na palipopungua, ng'ombe alivuka kwenda Uhehe au Ukaguru akarudi chakula. Sasa leo mtu anavuna Mei, Juni lori limeshafika, Septemba ananunua unga kwa kilo dukani. Hata akilima mtama, akiuuza wote Juni, Septemba ni ileile.

#18 Mwana wa Chilonwa
Shikamoo mzee #17. Asante sana, hili la akiba sikulifikiria kabisa.

Niulize: kwa nini mahindi hatuwezi kuyaweka miaka kama uwele?

#19 Bwanashamba Mstaafu
Dumuzi. Yule mdudu aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 70, watu wakampa jina la Scania. Anapenda mahindi na makopa ya muhogo. Bila dawa au mifuko isiyopitisha hewa, gunia linageuka unga mweupe kabla ya mwaka kwisha. Punje ndogo za uwele hazimfai, hazina nafasi ya kujichimbia.

Kwa hiyo mzee na Mama Kibaigwa wanakutana hapo. Mkulima wa mahindi anauza haraka siyo kwa tamaa tu, anamkimbia mdudu.

#20 Mfugaji wa Bahi
Ngoja na mimi niseme la kwangu, hata kama mtanipiga mawe.

Uwele na mtama wa asili vinachelewa kukomaa. Mahindi ya muda mfupi yakishavunwa, desturi ni mifugo inaingia mashambani kula mabua. Mwenye uwele aliyebaki peke yake bado anasubiri. Ng'ombe akishaingia bonde hachagui. Nimekaa mabaraza mengi ya kusuluhisha, na mara nyingi mlalamikaji ni huyo mwenye shamba la uwele lililobaki katikati. Mwaka unaofuata hapandi tena. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo inavyokwenda.

#21 Mrangi wa Kondoa
#20 kwa hiyo dawa ni kuondoa ng'ombe! Kondoa tulifanyiwa hivyo 1979, mradi wa HADO, ule wa hifadhi ya ardhi Dodoma, uliondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka. Makorongo yakaanza kuota majani.

#22 Mfugaji wa Bahi
Na wenye mifugo walikwenda wapi? Waliisukuma kwa ndugu zao wilaya nyingine, tukaipokea sisi. Nyasi ziliota kwenu, kwetu zikaisha. Usiandike nusu ya hadithi.

#23 Mrangi wa Kondoa
Hapo umenibana. Lakini maziwa yalibaki, maana baadaye iliruhusiwa kufugia bandani.

#24 Kijana wa Nala
Samahani wakubwa, napingana na uzi mzima. Mahindi hayakauki kila mwaka. Kuna mbegu za muda mfupi kama Situka. Ukipanda mvua ya kwanza tu, Februari inakukuta umeshapita hatua ya mbelewele. Wanaokaukiwa ni waliosubiri kukodi jembe la ng'ombe mpaka Januari. Tatizo ni jembe, siyo zao. Mimi nalima mahindi na navuna.

#25 Fundi Tembe
#24 Nala uko jirani na mji, una pampu?

#26 Kijana wa Nala
Sina pampu. Nina jembe la ng'ombe langu mwenyewe na matuta ya kukinga maji. Njoo uone.

#27 Bwanashamba Mstaafu
Kijana ana hoja. Kuwahi kupanda na kukinga maji kunabadilisha mengi. Ila mvua ya kwanza mara nyingine ni ya uongo, inanyesha Desemba mwanzoni, mbegu inaota, halafu kimya mpaka Krismasi. Aliyewahi anapanda mara mbili. Mwenye mbegu ya kununua mara mbili ni nani? Na tangu 2017 tuna viwavijeshi vamizi, ambao chakula chao cha kwanza ni mahindi.

#28 Mkulima Zabibu
Jamani limeni zabibu mjikomboe. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kitu ambacho nchi nyingi za zabibu hazina.

#29 Mama Kibaigwa
Zabibu tukale na mlenda? Na wewe mwenyewe msimu uliopita ulikuwa unalia humu kwamba mnunuzi amekuacha na mzigo unaoza.

#30 Mkulima Zabibu
Mama una kumbukumbu mbaya sana 😂 Ni kweli, lakini bado nalima.

#31 Historia Kwanza
Turudi. Mnaona jinsi lawama inavyomwangukia mkulima? Bunge la bajeti linakaa Dodoma Aprili mpaka Juni, wakati mavuno yanaonekana kwa macho kutoka barabarani. Tangu TANU ilipoamua 1973 makao makuu yaje huku, tumengojea kwamba ukaribu huo utaleta uelewa. Serikali imehamia kweli, mji wa Mtumba umejengwa, treni ya umeme inafika. Ningetaka kuona mtama kwenye sahani za shule na za taasisi zote zilizohamia. Shule za bweni za mkoa huu zikinunua mtama na uwele, Mama Kibaigwa hatangoja mnunuzi wa bia.

#32 Mwalimu Haneti
#31 wazo zuri lakini wanafunzi wangu wakipewa uji wa mtama mwekundu wanaacha vikombe nusu. Ule mchungu.

#33 Bwanashamba Mstaafu
Uchungu huo ndio silaha yake. Mtama mwekundu kama Serena ndege hawaupendi, kwa sababu ileile ambayo watoto wako hawaupendi. Watafiti wakaleta mweupe kama Macia, mfupi, unawahi, mtamu. Watu wakafurahi, na ndege wakafurahi zaidi.

#34 Mrangi wa Kondoa
Ndiyo maana nasema uwele wenye nywele. Suke lina miba midogo midogo, ndege akitua anachomwa.

#35 Fundi Tembe
Kwelea mwenye njaa hachomwi. Nimewaona wanakula juu ya hizo hizo nywele.

#36 Mrangi wa Kondoa
Wanakula, lakini wanakula kidogo. Sijasema ni ukuta.

#37 Mwana wa Chilonwa
Asanteni wote, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Bado sijaona sababu moja inayozibeba zote. Mama Kibaigwa na Mwalimu wamenigusa zaidi, kwa sababu hao wanaotwanga na hao wanaokosa darasa hawahutubiwi kabisa kwenye mikutano.

Nimepiga simu nyumbani jana. Kaka zangu na majirani wenye mashamba yanayopakana wako tayari msimu ujao bonde zima tupande uwele kwa pamoja, tugawane zamu za kuamia, watu wazima tu. Tumekubaliana na wenye ng'ombe wasiingize mpaka wa mwisho avune. Mmoja anashikilia mahindi, tumemwacha, labda ana jembe kama la Kijana wa Nala. Mama mdogo ameweka sharti: wanaume tuchangie kinu cha kukoboa kwanza, la sivyo hapiki. Tunaanza na hilo.

Naulizia mbegu. Ya uwele wa nywele inapatikana wapi?

#38 Bwanashamba Mstaafu
Ulizia kituo cha utafiti Hombolo kwa mbegu iliyoboreshwa. Nenda mapema, Septemba, usisubiri mawingu.

#39 Mrangi wa Kondoa
Ya nywele njoo sokoni Kondoa mwezi wa sita au wa saba. Nunua masuke, usinunue punje zilizopurwa, ili uzione nywele kwa macho yako.

#40 Mama Kibaigwa
Mpe hongera mama mdogo. Na hicho kinu msinunue cha mahindi, mwambieni fundi mapema kwamba ni cha punje ndogo, chujio ni tofauti.